Mzigo wa Mazoezi na Utimamu wa Mwanasoka: Swali Lisiloulizwa kwa Kiswahili

Msikilizaji wa matangazo ya kandanda nchini Kenya hahitaji kusubiri sana kabla ya kuyasikia maneno haya. Dakika ya 75 inapofika, na beki wa pembeni aliyekuwa akipanda na kushuka tangu kipenga cha kwanza akaachwa nyuma na mshambulizi wa timu pinzani, mtangazaji hutoa hukumu papo hapo: amelegea, hana ari, hataki kukimbia. Kesho yake hukumu hiyo huchapishwa gazetini ikiwa imevishwa nakshi za ukurasa wa michezo. Mkufunzi naye, akishaisoma, huongeza saa za mazoezi. Juma linalofuata beki yule yule huachwa mapema zaidi, dakika ya 60, na hukumu huwa ile ile.

Aghalabu hakuna anayeuliza beki huyo alifanya nini kati ya mechi ya kwanza na ya pili. Alikimbia kiasi gani mazoezini? Alilala saa ngapi? Je, alisafiri usiku kucha kwa basi kutoka Mombasa hadi Nairobi, akashuka na kuingia uwanjani asubuhi? Makala haya yanashikilia kwamba kosa hili lina sura mbili. Ya kwanza ni ya elimu ya michezo, nayo ni kuamini kwamba mazoezi mengi na utimamu wa mwili ni kitu kimoja. Ya pili ni ya lugha, na inawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili: chombo rahisi kuliko vyote cha kupimia mzigo wa mazoezi ni swali, na ni nadra kulisikia swali hilo likiulizwa ipasavyo kwa lugha ambayo wachezaji wengi wa Kenya huisema uwanjani.

Ni vyema kuanza na mwili wenyewe. Mazoezi hayamwongezei mchezaji nguvu wakati anapoyafanya, humpunguzia. Anayemaliza saa mbili za mbio na pasi huondoka uwanjani akiwa dhaifu kuliko alivyoingia: nyuzi ndogo ndogo za misuli zimeumia, akiba ya wanga imepungua, neva zimechoka. Utimamu huja baadaye, katika saa na siku za mapumziko, mwili unapojikarabati na kujiandaa kwa mzigo mwingine wa aina hiyo. Wazo hili si geni. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyefanya kazi mjini Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akieleza jinsi mwili unavyoukabili msukosuko kwa hatua: kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na msukosuko usipokoma, huishiwa. Selye aliwachunguza panya wa maabara, wala hakuwa na haja na kandanda. Mwaka 1975 Eric Banister na wenzake, huko Kanada, walitoa maelezo ya kihesabu yaliyohusu michezo hasa. Kwa mujibu wao, kila zoezi huacha alama mbili mwilini: utimamu na uchovu. Uchovu huwa mkubwa mwanzoni lakini hufifia upesi. Utimamu huwa mdogo lakini hudumu kwa majuma. Kinachoonekana uwanjani siku ya mechi ni tofauti baina ya viwili hivyo. Ndiyo maana mchezaji aliyejengeka vizuri kabisa anaweza kucheza vibaya kabisa. Utimamu anao, ila umefunikwa na uchovu.

Isidhaniwe kwamba hoja hii inatetea starehe. Mwaka 2001 Jan Helgerud na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanasoka vijana wa Norway. Kundi moja liliongezewa kazi maalumu mara mbili kwa juma, kwa majuma manane: kukimbia dakika nne kwa kasi inayoufikisha moyo kwenye asilimia 90 hadi 95 ya upeo wa mapigo yake, kisha dakika tatu za mbio za polepole, na kurudia hivyo mara nne. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulipanda kutoka mililita 58.1 hadi 64.3 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Katika mechi, umbali waliokwenda uliongezeka kwa asilimia 20, na mbio zao za kasi zikawa maradufu. Yaani mzigo hujenga. Asiyebebeshwa kitu hapati kitu, na aliyeachwa bila mzigo kwa muda mrefu hupoteza hata alichokuwa nacho, kama walivyojionea wachezaji wa Kenya mwaka 2020, ligi iliposimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na wao wakakaa miezi mingi bila mechi. Lakini msomaji azitazame tena namba za Norway. Kazi ngumu yenyewe ilikuwa dakika 16 kwa kipindi, vipindi viwili kwa juma. Hazikuwa saa tatu za kila alfajiri.

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana na dunia nzima katika Kombe la Dunia la 2002. Ufaransa ilifika Korea Kusini ikiwa bingwa wa dunia na bingwa wa Ulaya. Zinedine Zidane alikuwa ameichezea Real Madrid fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Glasgow tarehe 15 Mei na kufunga bao ambalo husimuliwa hadi leo. Siku 11 baadaye aliumia paja katika mechi ya kirafiki. Alizikosa mechi mbili za kwanza za Kombe, akaicheza ya tatu huku paja limefungwa bendeji, na Ufaransa ikarudi nyumbani bila kutia wavuni hata bao moja. Ilikuwa rahisi kusema kwamba mabingwa walishiba sifa. Haiwezekani, bila shaka, kudai kwamba paja la mtu mmoja liliumia kwa sababu ya mechi fulani. Hata hivyo Jan Ekstrand na wenzake wa Sweden waliutazama msimu ule kwa jicho jingine, jicho la ratiba. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2004, uliohusu vilabu 11 vikubwa vya Ulaya, wachezaji waliocheza chini ya kiwango chao katika Kombe hilo walikuwa wamecheza wastani wa mechi 12.5 katika majuma 10 yaliyotangulia. Wale waliocheza kupita matarajio walikuwa wamecheza 9. Kati ya lawama na sifa palikuwa na tofauti ya mechi tatu na nusu.

Wapo watakaouliza kwa nini wakufunzi wa vilabu tajiri hivyo hawakuliona jambo hilo mapema. Jibu limo katika utafiti mwingine, ulioongozwa na Gregory Dupont na kuchapishwa mwaka 2010. Uliwafuata wachezaji walioshiriki Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa misimu miwili. Walipocheza mechi mbili kwa juma badala ya moja, umbali waliokimbia haukupungua, wala mbio zao za kasi hazikupungua. Kwa macho ya mtazamaji walikuwa timamu. Ila majeraha yalipanda kutoka 4.1 hadi 25.6 kwa kila saa 1,000 za kucheza na kufanya mazoezi. Namba hizi mbili zinastahili kukaririwa na kila mtangazaji chipukizi, kwa kuwa zinamwonya kwamba alichokiona uwanjani si ushahidi wa kutosha. Mwili ulikuwa ukilipa deni ambalo jicho halikuliona, mpaka siku msuli ulipokatika.

Hali haijawa nyepesi tangu hapo. Mwezi Septemba 2024 Rodri, kiungo wa Manchester City na Uhispania, alisema hadharani kwamba wachezaji walikuwa karibu kugoma kwa sababu ya wingi wa mechi. Siku chache baadaye alikatika kano ya goti katika mechi dhidi ya Arsenal. Kiangazi kilichofuata, FIFA iliandaa Kombe la Dunia la Vilabu lenye timu 32 nchini Marekani, kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Julai 2025, katika majuma ambayo wachezaji wengi wa Ulaya walizoea kupumzika.

Mzigo basi hupimwaje? Wataalamu hutenganisha mzigo wa nje na mzigo wa ndani. Mzigo wa nje ni ile kazi inayoonekana: kilomita, mbio za kasi, miruko, migongano. Vilabu vyenye fedha huwavisha wachezaji fulana zenye vifaa vinavyowasiliana na setilaiti, na tangu mwaka 2015 vifaa hivyo vimeruhusiwa hata katika mechi rasmi. Mzigo wa ndani ni gharama ya kazi hiyo kwa mwili wa mtu mmoja mahususi. Wachezaji wawili wanaweza kukimbia kilomita kumi zile zile, mmoja akaenda zake akipiga mluzi, mwingine akashindwa kupanda ngazi. Wahenga walilisema jambo hili kabla ya maabara yoyote: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kwa kuwa utimamu hujengwa na mzigo wa ndani, kipimo chenye maana zaidi kimo kifuani mwa mchezaji, si katika kompyuta ya mkufunzi.

Hapo ndipo Carl Foster, mtafiti wa Marekani, alipotoa pendekezo ambalo uzuri wake ni urahisi wake. Aliichukua mizani ya hisia za kazi iliyobuniwa na Msweden Gunnar Borg, yenye namba kuanzia 0 hadi 10, akashauri kwamba nusu saa hivi baada ya mazoezi mchezaji aulizwe mazoezi yalikuwaje, naye ajibu kwa namba. Namba hiyo huzidishwa kwa dakika za mazoezi. Dakika 90 zilizopewa 7 ni mzigo wa 630. Dakika 60 zilizopewa 4 ni mzigo wa 240. Mwaka 2004 Franco Impellizzeri na wenzake waliijaribu njia hiyo kwa wanasoka na kuilinganisha na mapigo ya moyo, na majibu ya wachezaji yakaonekana kwenda sambamba na mapigo hayo. Kalamu na karatasi ziliweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya mashine.

Si kwamba hesabu hizi ni msahafu. Kwa miaka kadhaa wakufunzi wengi waliufuata ushauri ulioenezwa na Tim Gabbett mwaka 2016, kwamba mzigo wa juma moja ugawanywe kwa wastani wa mzigo wa majuma manne, na jibu lisipite kiasi fulani. Impellizzeri huyo huyo na wenzake baadaye waliikosoa vikali hesabu hiyo, wakionyesha kwamba uwiano huo unaweza kutoa picha ya hatari isiyokuwapo. Anayetafuta namba moja ya kumlinda mchezaji na kila jeraha ataendelea kuitafuta. Lililobaki imara ni jambo dogo zaidi: mzigo unaopandishwa hatua kwa hatua hujenga, unaorukiwa ghafla huvunja, na anayejua kwanza kwamba umezidi ni aliyeubeba.

Ligi ya Kenya haina fulana za setilaiti za kutosha, na mishahara inayochelewa si habari ngeni kwa wachezaji wake. Wapo wanaofanya kazi nyingine asubuhi kabla ya mazoezi ya alasiri. Mzigo wa kazi hiyo, na wa safari ya basi, hauwezi kuonekana katika kifaa chochote kinachovaliwa uwanjani, lakini huonekana katika jibu la mchezaji: mazoezi yale yale aliyoyapa 4 Jumanne huyapa 7 Alhamisi. Timu ya taifa nayo ina mizigo yake. Katika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, Harambee Stars ilicheza tarehe 3, 7 na 10, yaani mechi tatu katika siku nane, na ile ya tatu iliishinda Morocco 1-0 huku ikikicheza kipindi cha pili ikiwa na watu kumi. Ilicheza tena tarehe 17, kisha tarehe 22 ikatolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Kueleza kutolewa huko kwa uchovu pekee kungekuwa kurahisisha mambo. Lakini mchambuzi aliyetaka kuuzungumzia mzigo wa siku zile 20 kwa Kiswahili angefika upesi kwenye neno "wamechoka", na hapo angekwama.

Hilo ndilo pengo ambalo wanaisimu wa Kiswahili wanaweza kuliziba, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Swali la Foster likitafsiriwa neno kwa neno huwa: "Mazoezi yako yalikuwaje?" Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anajua jibu lake: "Mazuri." Katika utamaduni wa Waswahili na wa majirani zao wa bara, swali la namna hiyo ni mlango wa adabu kabla ya kuwa ombi la habari. Aulizwaye hujambo hujibu sijambo hata akiwa na homa, na maradhi hutajwa baada ya salamu kwisha. Mchezaji wa miaka 19 anayeulizwa na mkufunzi aliye rika la babake hatazamiwi kuivunja kanuni hiyo mbele ya wenzake, na hapaswi kulaumiwa kwa kutoivunja. Swali ndilo lililokosea njia.

Kisha kuna uteuzi wa msamiati. Neno la kwanza linalokuja akilini ni "gumu". Je, mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani? Tatizo ni kwamba "gumu" katika Kiswahili hubeba pia ugumu wa kuelewa. Kiungo aliyefundishwa mpangilio mpya wa ulinzi kwa saa nzima, bila kutoka jasho la maana, anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mazoezi yalikuwa magumu sana, na mkufunzi akaandika 8 pasipostahili hata 3. Neno la pili ni "juhudi", ambalo huwavutia watafsiri kwa sababu kamusi hulitaja. Hili ni baya zaidi. Juhudi ni neno la maadili; hupatikana katika ripoti za shule na katika nasaha za wazazi. Mchezaji anayesema alitumia juhudi kidogo amejishtaki mwenyewe kwa uvivu, hivyo atapandisha namba yake ili aonekane mwema. "Uchovu" nao una kasoro ya wakati. Mtu anaweza kuja mazoezini akiwa amechoka tayari, na swali linalotakiwa ni jinsi kipindi chenyewe kilivyomwelemea.

Lugha yenyewe, hata hivyo, imekwisha kulitoa jibu kwa kuuita wingi wa mazoezi "mzigo". Mzigo huwa mwepesi au mzito, na hakuna aibu katika kusema kwamba mzigo ulikuwa mzito. Mpagazi hufanya hivyo kabla ya kuelewana juu ya malipo. Swali likiwa "Mzigo wa leo ulikuwa mzito kiasi gani mwilini mwako?", adabu haivunjwi, maana hukumu inauangukia mzigo na kumwacha mbebaji. Mizani inaweza kwenda hivi: 0 ni mapumziko, 1 mwepesi mno, 2 mwepesi, 3 wa wastani, 4 mzito kiasi, 5 mzito, 7 mzito sana, 10 wa mwisho wa uwezo. Katika namba 4 "mzito kidogo" haifai, kwa kuwa "kidogo" ni neno la unyenyekevu. Mtu hoi kabisa husema amechoka kidogo ili asiwatie wenzake wasiwasi. Namba 6, 8 na 9 Foster aliziacha bila maneno, na mtafsiri ajizuie asizijaze. Aidha akumbuke kwamba vijana hupenda chuku. "Leo nimekufa" ni kauli ya kila siku kambini, na asiyetenganisha chuku na kipimo ataandika 10 kila jioni.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wachezaji wa Kenya huchanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza, hivyo mizani ya Kiswahili sanifu itakuwa pambo la wasomi. Pingamizi hili lina uzito, lakini linaelekeza kwenye uwanja, haliizuii kazi. Maneno yapelekwe kwa wachezaji wenyewe, na yale watakayoyapokea tofauti na yalivyokusudiwa yabadilishwe. Kama Sheng ina neno lisilo na chuku la "mzito kiasi", na litumike. Ya pili ni kwamba mchezaji atadanganya ili akwepe kazi. Anayesema hivi amesahau jinsi nafasi katika kikosi inavyogombewa. Mchezaji ambaye posho yake hutegemea kuteuliwa ana sababu kubwa zaidi ya kuuficha uzito kuliko kuuongeza, na huuficha leo hii bila kuulizwa lolote. Isitoshe, namba ya siku moja haina maana kubwa. Mchezaji hulinganishwa na nafsi yake, juma kwa juma, na uongo wa kudumu ni kazi ngumu kuliko mazoezi yenyewe.

Vyuo vikuu vya Kenya vina idara za Kiswahili, na baadhi yavyo vina idara za elimu ya michezo umbali wa dakika tano kwa miguu. Mradi unaohitajika unajulikana kwa yeyote aliyesoma nadharia ya tafsiri. Watu wawili waitafsiri mizani bila kushauriana. Wengine wawili wasioijua matini asilia wairudishe katika Kiingereza. Tofauti zijadiliwe, kisha namba za wachezaji zilinganishwe na mapigo ya mioyo yao katika mazoezi mepesi na mazito. Tasnifu ngapi za uzamili zimeandikwa kuhusu lugha ya watangazaji wa kandanda, tashbihi zao na istiari zao, bila mwandishi kumgeukia mchezaji anayesemwa? Vifaa vya kuanzia ni saa yenye kupima mapigo, karatasi, penseli, na mwanafunzi mmoja wa Kiswahili aliye tayari kukaa kando ya uwanja nusu saa baada ya mazoezi kumalizika, mkufunzi akiwa amekwisha ondoka.